Kufuli Halina Kosa: Namna ya Kuifunga Nyumba Yako

Kazi yangu nyingi huanza asubuhi ya pili. Simu inalia kabla sijamaliza chai: "Fundi, tumeingiliwa. Njoo." Nikifika nakuta majirani wamejaa barazani, mama wa nyumba yuko chumbani anakagua kilichobaki, na hakosekani mtu aliyeshika kufuli mkononi akisema makufuli ya siku hizi hayana kitu. Mimi siliangalii kufuli kwanza. Nachutama, nautazama mwimo wa mlango, ule ubao wa fremu uliosimama pembeni.

Huu mwaka wa 27 nashughulika na milango. Nilianza kwa mjomba wangu Jang'ombe, tukichonga fremu za mfenesi. Nikakaa Wete, Pemba, miaka minne, na sasa nina kibanda changu Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Nimetengeneza milango iliyovunjwa kuanzia Malindi mpaka Chukwani, na ile ambayo kufuli lenyewe ndilo lililovunjika haizidi vidole vya mikono yangu miwili. Kinachovunjika ni kile kilicholishika kufuli: tumbuu (kile chuma cha kutundikia kufuli), skrubu, ubao wa mwimo, saruji iliyoikamata fremu. Mtu ananunua kufuli zito la shaba, kisha analitundika kwenye tumbuu ya bati iliyopigwa misumari miwili. Mwizi halihangaikii kufuli. Anachomeka mtaimbo nyuma ya tumbuu, anaegemea, basi.

Kuna mlango mmoja wa Fuoni ambao mpaka leo unaniuma. Ni wa bibi mmoja anayeshona. Aliniita nimtilie kitasa kipya, nikamtilia kizuri, nikapokea pesa yangu nikaondoka. Wiki iliyofuata, katikati ya Ramadhani, alikwenda msikitini kwa tarawehe. Aliporudi mlango uko wazi, cherehani haipo, na vitambaa vya watu vya Sikukuu vyote vimekwenda. Kitasa changu kilikuwa kizima, ulimi wake umetoka nje kama nilivyouacha. Mwimo ndio uliopasuka, kwa sababu kile kibati kinachoupokea ulimi kilishikwa na skrubu fupi mbili, na ubao wenyewe ulishaanza kuliwa na mchwa. Niliuona mchwa ule siku natia kitasa. Sikumwambia, kwa kuwa hakuniuliza. Tangu hapo nasema hata nisipoulizwa, na haya ndiyo ninayoyasema.

Ujaribu mlango wako mwenyewe

Usinunue kitu kwanza. Leo jioni, watu wakiwa ndani, ufunge mlango kwa funguo kisha utoke nje. Weka bega karibu na kitasa, sukuma taratibu bila kupiga kishindo. Sukuma tena kwa goti chini, kisha kwa kiganja juu. Mlango mzima hautikisiki. Ukiona juu au chini unaachia nafasi ya kupitisha kidole, hapo ndipo mtaimbo utakapoingia. Ukiona plasta inafanya ufa pembeni mwa fremu kila unaposukuma, basi fremu haijashikwa na ukuta, imesimamishwa tu ikazungushiwa saruji.

Halafu fungua skrubu moja ya kile kibati cha mwimoni. Naomba ulifanye hili, kwa sababu ndilo linaloshinda mengine yote na halina gharama ya maana. Nyumba nyingi ninazoingia, skrubu hiyo ina sentimita 2. Imeshika ngozi ya ubao tu. Itoe, tafuta skrubu za sentimita 8, toboa kwa keekee kupitia mwimo mpaka kwenye tofali, tia plagi za plastiki, kaza. Fanya vivyo hivyo kwa bawaba, angalau skrubu mbili ndefu kila bawaba. Kama mwimo umeliwa na mchwa, skrubu ndefu haitakusaidia. Ukate upande ulioharibika, upandikizwe ubao mwengine uliopakwa dawa.

Fremu inayocheza ishikwe kwa bolti za kutanuka, tatu kila upande, ziingie ukutani sentimita 8 au zaidi. Anayejenga sasa ana bahati: mwambie fundi wako akaze vipande vya nondo kwenye fremu kabla haijasimamishwa, na mwashi avifukie katikati ya matofali. Baada ya plasta kazi hiyo ni ya kubomoa.

Ubao wenyewe ugonge kwa kidole. Mlango wa plaiwudi uliotupu ndani unaita kama kopo. Huo ni wa chumbani, sio wa nje. Mfenesi, msaji, mvule, mninga, hizo ni mbao za mlango wa nje. Na hapa nataka kusema juu ya mlango wa uani. Watu wetu huweka heshima yote mbele: mlango wa mbele umechongwa, umepakwa vanishi, una vitasa viwili. Wa uani ni bati lililopigiliwa kwenye mbao za mwembe, umefungwa kwa waya au kijikomeo cha kidole. Mwizi hana haja ya kupita barazani ambako watu wanacheza bao. Kama una pesa ya mlango mmoja tu, uanze wa uani.

Mlango unaofungukia nje una aibu nyengine: vijiti vya bawaba viko nje. Mtu anavigonga kwa msumari kutoka chini, vinatoka, anauinua mlango upande wa pili huku kitasa kimefungwa vile vile. Dawa yake ni rahisi. Kwenye ubavu wa mlango upande wa bawaba, pigilia misumari minene miwili, kata vichwa, acha sentimita moja na nusu itokeze. Toboa matundu yake kwenye mwimo. Mlango ukifungwa, misumari inaingia mwimoni, na hata bawaba ziking'olewa mlango haubanduki.

Kwa usiku, mimi ni mtu wa komeo. Ingia nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe, utazame nyuma ya mlango: utaona gogo la mti linalolala kwenye vishikio viwili, kutoka ukuta huu mpaka ule. Wazee hawakuwa wajinga. Ubao wa inchi mbili kwa nne na vishikio viwili vya chuma vilivyofungwa kwa bolti una nguvu kuliko kitasa cha pili na cha tatu. Lakini ujaribiwe na kila anayelala humo. Mtoto wa miaka minane au bibi mwenye mgongo akishindwa kuunyanyua, upunguze urefu au utafute mti mwepesi.

Tumbuu, ukiitumia, ifungwe kwa bolti zinazotokea upande wa pili wa mlango na nati zikawa ndani, na uchague ile ambayo ikifungwa bolti zinajificha chini yake. Kufuli liwe na shingo nene na fupi, mtaimbo usipate pa kupita. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula chuma upesi, kwa hivyo mwili wa shaba unadumu zaidi. Kitasa kikianza ugumu watu hukitia mafuta ya kupikia. Msifanye hivyo. Mafuta yanakamata vumbi na baada ya miezi miwili funguo haizunguki kabisa. Paruza risasi ya penseli, upate unga wake mweusi, upulize ndani ya tundu, ingiza funguo na kutoa mara kadhaa. Kitasa kigumu ni hatari kwa sababu mtu huchoka nacho, akatoka kwenda dukani akauegesha mlango tu.

Madirisha na joto la kaskazi

Disemba mpaka Februari hakuna anayelala dirisha limefungwa, na mwizi anajua. Ana mti mrefu wenye ndoano mbele, anausukuma kupitia baina ya nondo, anavua suruali iliyotundikwa, mkoba, simu inayochajiwa juu ya meza. Haingii ndani hata hatua moja. Wavu wa mbu haumzuii, anaupasua kwa wembe. Kwa hilo hakuna haja ya fundi: meza isikae chini ya dirisha, nguo zisitundikwe ukuta unaotazamana nalo, na simu ilale upande wa mbali wa chumba. Mikono ya mtu na mti wake vinafika mita tatu.

Grili nazo nazitazama sana. Nondo zilizosimama peke yake, hata ziwe nene, zinatanuliwa kwa jeki ya gari. Anaiweka katikati ya mbili, anazungusha, na haina kelele. Kinachomshinda ni vyuma vya kulala vilivyochomelewa kila baada ya sentimita 30 au 40, maana nondo moja ikisukumwa inasaidiwa na zote. Nondo ya milimita 12 inatosha ikiwa imeungwa hivyo, na nafasi isizidi sentimita 10. Na tunarudi kule kule: grili imeshikwa na nini? Iliyofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao inang'oka nzima. Miguu yake iingie ukutani sentimita 8. Ikishafungwa kwa skrubu na huwezi kubomoa, mwite fundi wa kuchomea azibe vichwa vya skrubu. Madirisha ya luva huchomolewa kioo kimoja kimoja, kwa hivyo hayo bila grili ni kama hayapo. Ya alumini yanayoteleza hunyanyuliwa yakatoka kwenye reli yake, nayo unayazuia kwa ufito uliokatwa kipimo ukalazwa kwenye reli ya chini.

Kwa walioko Mji Mkongwe: nje ya nyumba zile haturuhusiwi kugusa tu tunavyotaka. Mji ule umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mabadiliko ya milango na madirisha yanahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Uliza kabla, na fikiria grili ya ndani, nyuma ya yale madirisha ya mbao.

Sasa jambo ambalo nimeshakataa kazi kwa ajili yake. Sifungi grili kwenye nyumba ambayo haina hata moja inayofunguka. Moto ukishika jikoni au kwenye waya ukumbini, mlango mmoja tu ukawa ndio njia, grili zile zile ulizoziweka kumzuia mwizi zitawazuia wanao. Kila sehemu ya kulala iwe na dirisha moja lenye grili ya bawaba, kufuli lake ndani, na funguo kwenye msumari unaojulikana na wote, mahali ambapo mkono kutoka nje haufiki na jicho haliuoni. Kisha wafundishe watoto waifungue macho yamefumbwa, kwa sababu kwenye moshi hawataona. Fanyeni mchezo, mshindi apewe kashata. Ila mfanye kweli, na mrudie kila mwezi.

Na tafadhali, asikudanganye mtu ukaunganisha umeme kwenye grili au bati la uani. Nimeombwa hilo mara mbili. Atakayegusa ni mtoto wa jirani anayefuata mpira.

Paa, uani na vyombo vyako

Paa nitalisema kwa ufupi. Mwizi wa paa anapenda masika, mvua ikipiga bati hakuna atakayesikia kitu. Anapanda kwa ukuta wa uani au mwembe, anang'oa misumari ya ukingo, anakanyaga dari ya bodi anashuka. Badilisha misumari ya ukingo, angalau mita mbili za pembeni, utie skrubu za bati. Matawi yanayofika juu ya paa yakatwe. Juu ya ukuta watu huweka vigae vya chupa, vinasaidia kidogo, lakini mchongoma uliopandwa nje chini ya ukuta unasaidia zaidi, maana unamnyima pa kuegesha ngazi.

Ngazi ya nani? Hapo ndipo penye huzuni. Mara nyingi chombo kilichovunjia nimekikuta kimetupwa uani, na mwenye nyumba anakitambua: ni mtaimbo wake, jembe lake, mchi wa kinu chake, ngazi iliyoachwa na wapakaji rangi. Kabla ya magharibi kila chombo kiingie ndani.

Taa ya uani iwe ya sola, ile inayojiwasha mtu akipita. Waliokuwepo wanakumbuka, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 njia ya umeme inayotoka bara iliharibika na Unguja yote ikalala gizani karibu miezi mitatu. Hatujarudia hali ile, lakini umeme kukatika kwa saa mbili kunamtosha mwizi. Mbwa wengi wetu hatumfugi nyumbani. Basi kama una uwanja, bata bukini wawili wanafanya kazi hiyo. Wanapiga kelele kwa mgeni yeyote, na usiku wanasikia vizuri.

Saa ambazo nyumba inakuwa tupu

Sisi tuna mazoea, na mazoea yetu yanajulikana mtaa mzima. Tarawehe. Sala ya Ijumaa. Arusi, watu wote wamevaa wameondoka pamoja kwa gari moja. Mazishi, ambapo hata funguo mtu haikumbuki. Siku za Sikukuu, watoto wanapelekwa viwanjani jioni. Pemba wakati wa karafuu, familia nzima iko shamba, na ndani kuna pesa za mauzo ya jana. Sisemi msiende. Semezaneni tu: nyumba tatu zinazotazamana zipange nani abaki zamu hii. Bibi anayesali nyumbani, akiwa na redio imefunguliwa na taa ya ukumbini inawaka, analinda nyumba tatu. Pesa za karafuu zisilale nyumbani hata usiku mmoja kama benki au simu inawezekana.

Funguo chini ya mkeka wa mlangoni, ndani ya kiatu barazani, juu ya mwimo: huko ndiko wanakoanza kutafuta. Mpe jirani. Ukihamia nyumba ya kupanga, badilisha vitasa siku hiyo hiyo, kwa sababu hujui mpangaji aliyepita alitengeneza funguo ngapi. Kitasa kizima hakihitajiki, mara nyingi ni kile kiini cha funguo tu. Na safari zenu za bara msizitangaze kwenye simu mpaka mmesharudi.

Sheha wako, yule kiongozi wa shehia, uwe na namba yake, na yeye awe na yako. Akiuliza mgeni uliyempokea ni nani, usione anakuchunguza. Ya polisi ni 112. Mkubaliane na majirani juu ya ishara moja: sufuria ikipigwa mfululizo, kila mtu anawasha taa na kupiga kelele akiwa kwake. Taa nyingi na makelele humtoa mwizi mbio. Asitoke mtu mmoja peke yake na panga. Na akikamatwa, asipigwe. Nimeona kijana akipigwa mpaka akafa kwa kuku wawili, na waliompiga walikuwa watu ninaosali nao. Mfungeni mikono, muiteni sheha na polisi, mkae naye mpaka waje.

Ikiwa imeshatokea

Ukirudi ukakuta mlango wazi, usiingie. Anaweza kuwa bado yumo, na aliyezibiwa njia ndiye hatari. Rudi nyuma, ita watu. Wakishahakikisha hakuna mtu, usisafishe wala usiguse, nenda kituoni uandikishe, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako hapo polisi. Lakini kabla hujaenda kituoni, funga laini na akaunti za pesa za simu iliyoibwa, kwa simu ya jirani. Kisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe: ina tarakimu 15, unaipata kwa kubonyeza *#06#. Ifanye leo, simu ikiwa bado unayo, iandike kwenye daftari pamoja na namba za televisheni, cherehani, friji, na uzipige picha. Ukiwa na IMEI na RB, kampuni ya simu inaweza kuizuia ile simu isishike mtandao wowote hapa nchini.

Na mlango usilale hivyo. Mwizi aliyepata njia nyepesi hurudi, siku chache baadaye, au baada ya wiki chache akijua umeshanunua vyengine. Yule bibi wa Fuoni nilimwendea mchana ule ule, nikautoa mwimo wote, nikatia wa msaji wenye bolti sita, na pesa sikuchukua. Kama fundi wako hapatikani mpaka kesho, tafuta ubao wa inchi mbili kwa nne, uulaze kwa ndani kutoka mwimo huu mpaka ule kwenye usawa wa kitasa, na uukaze kwa skrubu ndefu nne, mbili kila upande. Bisibisi ilale pale pale mlangoni, mkihitaji kutoka muweze kuufungua. Ule mlango mwengine mtakaopitia muukague kwa bega kabla ya kulala.